Sahani ya Nne

Kitanda tulichopewa kilikuwa cha marehemu. Foronya zake zilitariziwa herufi M kwa uzi mnene wa buluu, na usiku kucha, kila nilipogeuza shavu, ile herufi ilikuwa ikinisubiri. Asubuhi nilijitazama kwenye kioo nikaiona imejichora chini ya jicho langu la kushoto, nyekundu, wazi, kama chapa wanayopigwa ng'ombe wa mabwawani kabla ya kuachiwa malishoni. Nikaisugua kwa maji baridi. Haikutoka.

"Umelala salama, binti yangu?" aliniuliza Bi Fernande akinimiminia kahawa.

"Salama sana, Mama. Asante."

Lile neno "Mama" lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Sikuwa na jingine. Mama wa mumeo ni mkweo, hilo linajulikana. Lakini mama wa mke aliyekutangulia, mke aliyelala kaburini, ambaye mumeo bado anamwita Mama na kumbusu mashavu yote mawili mara mbili mbili, huyo ni nani yako? Hakuna aliyewahi kunifundisha. Nikanywa kahawa yangu, na Bi Fernande akalitazama shavu langu kwa muda, kisha akageuka kuangalia mkate.

Tulikuwa tumeoana Mei, mimi na Régis, katika ukumbi wa manispaa ya Besançon, mvua ikinyesha. Nilikuwa na miaka thelathini na minane na nilikuwa nikiuza viatu. Ndivyo tulivyokutana: aliingia dukani, akajaribu jozi baada ya jozi mpaka sakafu ikajaa maboksi, akanunua kamba za viatu akaondoka. Kesho yake akarudi kuomba radhi. Nikampenda kwa sababu ya ile radhi. Mama yangu hakupendezwa.

"Mgane, Edwige?" alisema huku akimenya viazi. "Mke mwenza aliye hai mtapigana, mtanuniana, mwisho mtapatana. Aliye kaburini utamfanya nini? Huyo hakosei tena. Hazeeki. Hata chumvi hazidishi."

Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya mama tu.

Safari ya Nîmes ilikuwa zawadi. "Siku nne," Régis alisema. "Wewe na mimi tu. Nitakuonyesha mji." Nikajishonea gauni la pamba. Nikaota hoteli ndogo yenye feni, nikaota kula nje chini ya miti, nikaota kulala mchana madirisha yakiwa wazi. Treni iliposimama, kulikuwa na bibi mmoja kwenye jukwaa, amesimama wima kama mshumaa, amevaa gauni la kijivu, ana upepeo wa kujipepea mkononi. Régis aliruka chini kabla treni haijatulia. "Mama!" aliita, akamkimbilia kama mtoto aliyetoka shule ya bweni, na mimi nikabaki mlangoni na masanduku mawili.

"Nilidhani nilikwambia," alisema baadaye tukipanda ngazi nyembamba za nyumba ile nyuma ya kanisa kuu. "Sikukwambia?"

Hakuwa amesema neno.

*

Nîmes niliuona, ndiyo. Niliuona kama mtu anavyoona chumba cha wagonjwa: unatembea polepole, huinui sauti, na kila kitu kina mwenyewe.

Siku ya kwanza tulikwenda kwenye uwanja wa Warumi, ule wa mawe, ambako mafahali huuawa siku za sherehe. Jua lilikuwa limeshuka juu ya ngazi zile kama kifuniko cha sufuria. Tulipanda mpaka katikati. Régis akahesabu safu, akasita, akashuka moja.

"Alikuwa akikaa hapa," alisema. "Hapana, ngoja. Hapa." Akanishika mabega akanisogeza hatua ndogo. "Kaa kidogo, Edwige. Uone alichokuwa akikiona."

Nikakaa. Jiwe liliniunguza mapaja. Mbele yangu kulikuwa na mchanga mtupu na mfagiaji mmoja. Bi Fernande alikuwa amebaki kivulini, kwenye mdomo wa njia, akijipepea na kutazama saa yake ya mkononi. Nikafikiri: ananiona nimekaa mahali pa mwanawe, hawezi kuvumilia. Nikainuka haraka.

"Bado," alisema Régis kwa upole. "Kaa."

Alikuwa mpole siku zote, na hilo ndilo lililonifunga. Angekuwa mkali ningejua pa kushika. Siku ya pili, kwenye bustani yenye mabwawa ya maji ya kijani na sanamu za marumaru, alinisimamisha kando ya ukuta wa mawe na kunipiga picha. Alirudi nyuma, akaja mbele, akarudi tena. "Kushoto kidogo. Mkono mmoja juu ya mawe. Kichwa juu. Hapo hapo, usitikisike." Nyenze walikuwa wakipiga kelele mitini mpaka masikio yakawasha. Nilikuwa nimesimama hivyo, mkono juu ya mawe, kichwa juu, ndipo nikakumbuka nimeiona wapi picha hii. Ilikuwa sebuleni, juu ya kabati la vyombo, kwenye fremu ya fedha. Marehemu Maryse akiwa na shela ya harusi, mkono mmoja juu ya mawe.

Kamera ikalia. Sikutikisika.

Nyumbani mambo yalikuwa vilevile, ila hapakuwa na hewa. Kule kusini, jua likishapanda, watu hufunga madirisha ya mbao na kukaa gizani mpaka jioni, na ni akili, kwa maana bila hivyo wangechomeka. Lakini mimi nilitoka kwenye mvua na milima. Nilikaa katika giza lile la kahawia nikisikia vyungu vikipoa jikoni na moyo wangu ukipiga. Chakula cha mchana kilikuwa kimoja kila siku, ng'onda aliyepondwa kwa mafuta ya zeituni na maziwa, mweupe, mzito, wa moto. Ndicho Maryse alichokipenda. Régis alikula sahani mbili, macho yamejaa. Baada ya kula Bi Fernande alikwenda mlangoni, akauzungusha ule ufunguo wake wa chuma, mrefu kama kijiko cha kukorogea, na kuuacha humohumo kitasani.

"Kwa sababu ya watalii," alieleza aliponiona namtazama. "Hawana adabu. Wakiona mlango wa zamani wanadhani ni makumbusho."

Kisha kila mtu alilala. Kulala mchana ilikuwa amri. Nilijilaza kando ya mume wangu juu ya zile herufi, nikimsikia akipumua kwa raha, raha ambayo sikuwahi kuisikia kwetu Besançon. Nikajiuliza, na swali lenyewe lilinitia aibu: hivi kitandani humu, sisi ni wangapi?

Jioni ya siku ya pili walifungua albamu. Walikaa mezani, Régis na Bi Fernande, na mimi nikapewa kiti cha pembeni, nikiona picha zikiwa kichwa chini. Régis alisimulia, Bi Fernande aliitikia, "Ndiyo, mwanangu. Ndivyo. Ndivyo hasa." Régis alilia. Bi Fernande akampigapiga mgongoni, na juu ya bega la mume wangu macho yetu yakakutana. Nilitarajia kuona chuki au huzuni. Niliona kitu sikuweza kukisoma. Kama ningelazimishwa ningesema alikuwa anajizuia asipige miayo, lakini hilo lilikuwa wazo baya kiasi kwamba nililifukuza mara moja.

Tulipopanda chumbani Régis aliketi ukingoni mwa kitanda akanishika mikono.

"Nina jambo, Edwige. Mama anazeeka."

"Naona bado ana nguvu."

"Hawezi kubaki peke yake. Hasemi, lakini naona. Nyumba ni kubwa. Tungeuza ile yetu tukahamia huku. Hata ofisi ya maji huku wanatafuta wachora ramani kama mimi, nimeshauliza." Akanibusu vidole. "Ungekuwa na chumba hiki. Ungekuwa na kila kitu. Kila kitu kiko tayari."

Kila kitu kiko tayari. Aliniambia maneno hayo kwa upendo, naapa. Nami nilihisi kama mtu aliyeingia ghalani kutafuta jembe, akasikia nyuma yake komeo likishuka.

"Tutazungumza," nilisema.

"Nilijua utanielewa," akajibu, akalala.

*

Siku ya tatu, wakati wa kulala mchana, niliinuka. Sikuwa na mpango. Nilishuka ngazi nikiwa nimeshika viatu mkononi, nikauzungusha ule ufunguo polepole kama anayemkuna paka, nikauchomoa ili usilie, nikatoka nao na kufunga kwa nje. Mtaa ulikuwa mtupu na mweupe. Nikavaa viatu kizingitini. Nilitembea bila kuchagua njia, nikitazama chini kwa sababu ya mwanga, na kila baada ya hatua chache nilimkanyaga mamba: ndiyo nembo ya mji ule, mamba aliyefungwa mnyororo kwenye mtende, wameipigilia hata njiani kwa vifungo vya shaba. Nilihesabu mamba mpaka nikachoka. Sikuwa nakwenda popote, na bado kila pumzi ilikuwa tamu.

"Mama! Samahani, Mama!"

Mzee mmoja alikuwa ananifuata kwa miguu mifupi ya haraka, kofia ya majani kichwani, tikiti la manjano kwapani. Uso wake ulikuwa mwekundu. Akasimama, akashika ukuta, akahema.

"Wewe ndiye mke mpya," alisema.

"Mke wa nani?"

"Wa kijana. Wa Régis. Nimekuona ukitoka. Niambie, mama, ufunguo umeuacha kitasani?"

Niliona swali hili ni la ajabu sana. Nikaukunjua mkono kumwonyesha. "Ninao huu."

"Mungu ni mkubwa," alisema, akaketi juu ya jiwe la kona kama mtu aliyepewa hukumu nyepesi. "Yule mwanamke akiuacha kitasani, wangu hauingii. Nimejaribu jana. Nimejaribu juzi. Na dawa yangu ya moyo iko humo ndani, kabati la sukari, nyuma ya kopo la kahawa."

"Dawa yako iko nyumbani kwa Bi Fernande?"

"Na suruali zangu. Na redio yangu. Na ndara zangu." Alivua kofia. "Marcelin Verdeil. Nilikuwa nikiuza ng'onda sokoni, sasa nimestaafu. Ndani ya nyumba ile mimi nakaa mwaka mzima, ila siku hizi nne. Siku hizi nne nakuwa mkimbizi. Ananipeleka kwa binamu yangu, juu ya duka la mikate, nalala na joto la tanuri kama mkate."

Nilimtazama. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, mke wa mtu, nimesimama katikati ya mtaa wa watu na ufunguo usio wangu, na kitu fulani kifuani mwangu kilianza kulegea.

"Kwa muda gani?" niliuliza.

"Tangu mwaka ule baada ya msiba. Alinambia, Marcelin, mtoto anakuja, bado ana majonzi, jifiche kidogo. Mwaka huu tu. Nikasema sawa. Mwaka uliofuata, sawa. Sasa kijana ameoa, nikasema afadhali, atakoma. Kumbe kaja na wewe." Akanipima kwa macho, bila ubaya. "Wewe ndiye uliyeletwa, eeh? Pole, mwanangu."

Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia pole tangu nishuke treni.

*

Nilirudi kuchukua dawa. Nilifungua mlango, na jikoni, katika lile giza, Bi Fernande alikuwa amesimama miguu mitupu, chupa ndogo ya dawa mkononi, kilemba cha kutokea kichwani. Alikuwa ametaka kutoka akakuta kitasa hakina ufunguo. Tulitazamana kama wezi wawili waliokutana katika nyumba moja.

"Nimekutana na Bwana Verdeil," nilinong'ona.

Aliketi kwenye kiti. "Ana hali gani?"

"Mwekundu."

"Si nilimwambia asitembee juani! Kichwa kigumu kama ng'onda wake." Akaziba mdomo kwa mkono, akatazama dari. Juu yetu Régis alikoroma. Akashusha sauti. "Sasa utanifikiriaje? Mama gani huyu, sivyo?"

"Sifikirii kitu, Mama."

"Usiniite Mama. Mtu mmoja ananitosha." Alisema hivyo ghafla, kisha akaona nilivyoshtuka, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu, wa moto. "Sikiliza. Nilimzaa Maryse chumba kile cha juu. Nilimuuguza chumba hichohicho. Nikamzika. Nikalia mpaka nikawa kama gunia tupu, na siku moja nikaamka nikasikia njaa. Unaelewa? Njaa tu. Nikashuka sokoni, Marcelin akanikatia kipande, akanitania, nikacheka. Niliona haya kama niliyeiba. Halafu huyu akaja Agosti, akaniangukia shingoni, 'Mama, Mama.' Ningemwambia nini? Kwamba mimi niliyembeba nimemaliza kulia, na yeye aliyemuoa bado?"

"Na ng'onda?"

"Siwezi hata kunusa! Yeye ndiye huomba. Ananiandikia kabisa: Mama, usisahau ng'onda."

"Na kitanda?" Sikutaka kuuliza. Swali lilijitokea lenyewe.

Bi Fernande aliutazama mkono wangu uliokuwa ndani ya wake.

"Mimi nilitandika chumba cha mbele," alisema. "Shuka mpya, nyeupe, hazina kitu. Alipiga simu. Alisema wewe mwenyewe umependa mlale kule. Alisema ungependa kumjua."

Jikoni kulikuwa na harufu ya mafuta na ya mtungi wa maji unaovuja.

"Tena kuhusu kuhamia," aliendelea polepole, kama anayejaribu barafu kwa mguu. "Alisema ni wewe. Kifua chako hakiwezi baridi ya kule."

"Kifua changu?"

"Kwamba daktari kasema."

"Kifua changu ni kizima, Bi Fernande. Kwangu alisema wewe huwezi kubaki peke yako."

"Mimi? Peke yangu?" Akafungua mdomo, akaufunga, na kisha tukaanza kucheka, sisi wawili, bila sauti, machozi yakitutoka, tumeshikana mikono juu ya meza. Kicheko kilipokwisha hakuna kilichokuwa kimebadilika. Tulikuwa humohumo, yeye na mimi na mzee kule nje juani, tumefungiwa na mtu aliyekuwa amelala fofofo, mtu ambaye hakuwahi kumpandishia yeyote sauti.

"Mwambie," nilisema.

"Mwambie wewe. Wewe ni mkewe."

"Wewe ni mamake."

"Mimi si mamake!" Mbao za dari zililia. Tukatulia mpaka koromo liliporudi. Bi Fernande akanikabidhi chupa. "Mpelekee. Matone kumi, si zaidi, hajui kuhesabu. Na umwambie..." Akafikiri. "Mwambie kesho mnaondoka."

Nilimpelekea Bwana Verdeil dawa yake. Nikamwambia nililotumwa. Kisha nikasikia sauti yangu ikiongeza lile ambalo sikutumwa: "Kesho mchana njoo ule. Sitauacha ufunguo kitasani."

*

Siku ya mwisho niliomba kuandaa meza mimi. Bi Fernande alikuwa jikoni akiponda. Nikaweka sahani moja, mbili, tatu. Nikarudi kabatini nikatoa ya nne. Kijiko kiligonga glasi, na ile sauti ikaenda nyumba nzima. Bi Fernande alitokeza mlangoni na mwiko. Aliitazama meza. Aliutazama mlango wa nje, na kitasa kilichokuwa kitupu. Akawa mweupe, kisha akajifuta mikono kwenye aproni, akaenda sebuleni, akarudi na kiti. Alikiweka mbele ya sahani ile ya nne, akakilinganisha vizuri.

Régis alishuka akiwa ameoga, nywele zimelowa. Aliona sahani. Akasimama pale, mkono kwenye mgongo wa kiti, na uso wake ukalainika mpaka ukawa wa kijana mdogo.

"Edwige," alisema. "Umemwekea."

Sijawahi kusahau vile alivyonitazama. Hakuwahi kunipenda kama wakati ule. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kuichukua ile shukrani, na ninajua ingenitosha miaka mingi, ingekuwa mkate na blanketi. Nilifungua mdomo, na ndipo ufunguo ukageuka mlangoni.

Bwana Verdeil aliingia akiwa amevaa tai. Alikuwa na tikiti lake. Alifuta viatu kwenye zulia la kizingiti kama afutavyo mtu kwake, akatundika kofia kwenye msumari bila kuutafuta.

"Hamjambo," alisema. "Leo ni joto kuliko jana."

"Huyu nani?" aliuliza Régis.

Nyenze mmoja alikuwa akilia mahali fulani uani.

"Huyu ni Marcelin," Bi Fernande alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikakua ikiendelea. "Anakaa hapa, Régis. Ni mwaka wa tano sasa. Ukija wewe, anatoka."

"Anakaa? Nyumbani kwa Maryse?"

"Nyumbani kwangu, mwanangu. Maryse alizaliwa humu. Hakuijenga."

Bwana Verdeil, masikini, akadhani ni zamu yake. "Ng'onda ni mimi huchagua," alisema kwa heshima. "Kila mwaka. Nakuchagulia mnene wa mgongoni, ambaye hana miba. Mimi mwenyewe sili. Miaka arobaini nimeuza, harufu inatosha."

Régis alimtazama kama mtu anayesemeshwa kwa lugha ya ndege. Kisha akanigeukia mimi.

"Ulijua?"

"Tangu jana," nilisema. "Na kifua changu ni kizima, Régis. Na Bi Fernande hayuko peke yake. Na sikuomba kile kitanda."

Nilisema hivyo tu. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ndefu usiku ule, yenye machozi, yenye mama yangu ndani yake. Yote ikaniishia katika sentensi hizo tatu. Régis hakupiga meza. Alivuta kiti, akaketi, akaushika uma, akauweka. Alionekana kama mtu aliyeamshwa kwenye treni akaambiwa stesheni yake imepita zamani.

"Nilidhani..." alisema. Akapanda juu, na tukamsikia akifungua makabati.

Aliposhuka alikuwa na masanduku yote mawili. "Treni ni saa kumi," aliniambia bila kunitazama. "Twende."

Sijui ilitoka wapi. Maisha yangu yote nilikuwa mtu wa kufuata; nilifuata mama, nikafuata meneja wa duka, nikafuata mgane mpaka kitandani kwa mkewe. Nilikwenda nikachukua sanduku langu mkononi mwake, nikaliweka chini kando ya kabati.

"Wewe tangulia," nilisema. "Mimi nitakuja kesho."

"Kesho? Kwa nini kesho?"

"Kwa sababu leo sitaki."

Alisubiri. Nadhani alisubiri Bi Fernande aseme kitu, kwa maana alimtazama kwa macho yale ya stesheni, na yule mama akaanza kuinuka kitini. Bwana Verdeil akamwekea mkono begani, kidogo tu. Akaketi tena. Mlango ulifungwa taratibu. Hata siku hiyo Régis hakuubamiza.

Sisi watatu tulikula tikiti. Bi Fernande alilia kidogo, akapenga kamasi, akamwambia Marcelin kwamba amelinunua bichi. Jioni alifungua madirisha yote, ya juu na ya chini, akanitandikia chumba cha mbele, akaketi ukingoni mwa kitanda changu, akanisimulia habari za mwanawe. Alisimulia mpaka sauti ikapotea. Hakutaja hata mahali pamoja ambapo Maryse aliwahi kukaa.

*

Treni iliingia Besançon kwenye mvua. Nilikuwa nimejiambia njia nzima kwamba sitamkuta, kwamba nitachukua teksi mpaka kwa mama, na mama ataniambia si nilikwambia. Régis alikuwa kwenye jukwaa na mwavuli. Hakuja mbio. Alisimama palepale, mpaka nikamfikia.

"Hatimaye!" alisema mwanamke wa kibanda cha magazeti, akiinama nje ya dirisha lake. "Bibie, mchukue huyu bwana. Tangu alfajiri anapokea treni zote zinazopitia Lyon kutoka kusini. Nimeshaanza kumpigia saluti kama mkuu wa stesheni."

Régis akawa mwekundu mpaka masikioni. Alichukua sanduku. Tulishuka mlima kuelekea mtoni, mwavuli mmoja, na kwa kuwa hakujua aniegemee au asiniegemee, nusu yangu ililowa na nusu yake ililowa. Hakuniuliza habari za kule. Nami sikumsaidia.

Kwenye daraja alisimama. Mto ulikuwa umejaa, wa rangi ya udongo.

"Maryse hakupenda mvua," alisema. Akashtuka, akafumba macho. "Samahani. Samahani, Edwige. Mdomo unajisemea."

Niliyatazama maji. Nilikuwa nimemwonea wivu mwanamke yule kwa viti vyake, ngazi zake, mawe aliyowekea mkono, na kumbe miezi yote ile hakuna aliyenionyesha yeye mwenyewe hata mara moja.

"Mama yake ameniambia," nilisema, "kwamba alikuwa akivuta sigara chooni, halafu anapulizia manukato, halafu anawalaumu majirani."

Régis alinigeukia. Mvua ilikuwa ikimwingia shingoni na hakuiona. Kitu fulani kilimtikisa mabega, nikadhani ndiyo machozi yale yale, nikajiandaa kuchoka.

Alikuwa anacheka.

"Ya urujuani," alisema akijipangusa. "Manukato ya maua ya urujuani. Yule jirani wa chini aliapa mahakamani havuti."

"Endelea," nikamwambia, nikamshika mkono, maana njia ya daraja ilikuwa inateleza. "Mahakamani tena?"